Tangazo la Kulipia la Simuni: Lipime Kama Unavyopima Mbegu

Leo tunaweka jembe chini kidogo, tuzungumze juu ya soko. Maana kulima ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuuza, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Tumchukue mkulima wa mpunga kule Kyela. Amelima vizuri, amepalilia, amewafukuza ndege, amevuna. Lakini wakati wa mavuno kila jirani naye amevuna. Ada ya shule inadaiwa, na pengine duka la pembejeo linadai pia. Mnunuzi anafika mashineni na bei yake mfukoni, naye mkulima hana mwingine wa kumwuzia. Basi anapokea anachopewa. Wakati huo huo, mjini Mbeya yupo mama anayetafuta mchele halisi wa Kyela, usiochanganywa, naye yuko tayari kulipa zaidi. Mkulima hamjui mama yule, na mama yule hamjui mkulima.

Siku hizi ipo njia moja ya kuwakutanisha watu hao wawili: tangazo la kulipia katika mitandao ya kijamii, yaani Facebook na Instagram. Vijana wetu huita kazi hiyo kubusti. Wapo waliopata wateja kwa njia hiyo. Na wapo waliotumia fedha ya mbolea wakaambulia laiki tupu. Tofauti yao mara nyingi si bahati, bali ni hesabu.

Wahenga walituachia misemo miwili. Mmoja unasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine unasema, biashara matangazo. Je, tushike upi? Tushike yote miwili, kila mmoja mahali pake. Tangazo humleta mteja mara ya kwanza. Mchele mzuri ndio humrudisha mara ya pili. Weka jambo hilo moyoni, maana tutalirudia kwenye hesabu.

TANGAZO HILI HUFANYAJE KAZI?

Tangazo la redio humfikia kila aliyefungua redio saa ile: mkulima, dereva, mwanafunzi, hata yule asiyekula wali. Tangazo la simuni ni tofauti. Wewe mwenyewe unachagua lionekane mahali gani, na kwa watu wa umri gani. Unaweza kuweka alama kwenye ramani, katikati ya mji wa Mbeya mathalani, ukasema lionyeshwe kwa watu walio ndani ya kilomita kadhaa kutoka hapo. Unapanga pia kiasi cha fedha kwa siku, na siku ambayo tangazo litasimama.

Facebook ilianza mwaka 2004 huko Marekani. Kampuni yake, ambayo leo inaitwa Meta, inamiliki pia Instagram na WhatsApp. Ndiyo sababu tangazo moja linaweza kuonekana Facebook na Instagram, na mtu akilibonyeza akaingia moja kwa moja kuzungumza nawe WhatsApp. Kwa mkulima asiye na duka mjini, njia hiyo ya WhatsApp ndiyo rahisi kuliko zote. Hapo mnaelewana bei, kiasi na mahali pa kupokelea mzigo, kama mnavyoelewana sokoni.

Sasa, nani anapanga tangazo la nani litokee? Jibu ni mnada. Wewe unaujua mnada wa ng'ombe. Basi, kila mtu anapofungua Facebook au Instagram, mnada hufanyika mara moja, kwa kufumba na kufumbua, kati ya wote wanaotaka kumwonyesha mtu huyo matangazo yao. Lakini mnada huu hauangalii fedha peke yake. Mitambo ya kampuni hukadiria pia kama mtu huyo ataelekea kulibonyeza tangazo lile, na kama tangazo lenyewe ni la kuridhisha. Kwa ajili hiyo, tangazo zuri la mkulima mdogo laweza kupata nafasi kwa fedha kidogo kuliko tangazo baya la mfanyabiashara mkubwa. Na nyakati ambazo wauzaji wengi wanatangaza kwa pamoja, kama kuelekea Krismasi, nafasi hupanda bei, kama nyanya zinavyopanda zikiadimika.

Jambo moja lazima lieleweke vizuri. Kampuni inakuuzia nafasi ya kuonekana. Haikuuzii mteja. Fedha itakatwa hata kama hukuuza kilo moja. Kwa hiyo fedha ya tangazo ni kama mbegu: unaitia ardhini kwanza, mavuno baadaye.

PIMA UOTAJI KWANZA

Mkulima hodari akiwa na mbegu asiyoijua hatii shamba zima. Huchukua mbegu 100, akazifunga katika kitambaa chenye unyevu, akangoja siku kadhaa, kisha akahesabu zilizoota. Zikiota 80 au zaidi, anapanda bila wasiwasi. Zikiota 40, anatafuta mbegu nyingine, na hasara yake ni kitambaa na siku chache tu.

Fanya hivyo hivyo na tangazo. Tenga fedha kidogo, ambayo hata ikipotea yote watoto watakula na ada italipwa. Tangaza siku 5 au 6. Hesabu. Kisha ndipo uamue. Usianze na fedha ya mbolea, wala fedha ya kukopa.

Kabla ya kulipa hata senti, hakikisha mambo manne yapo tayari.

Kwanza, mzigo uwepo. Usitangaze mpunga ambao ungali shambani. Mteja wa kwanza ukimwambia angoja mwezi mmoja, umemlipia bure.

Pili, kipimo kiwe cha haki. Mteja wa mjini anataka mfuko wa kilo 10 au 20 uliopimwa kwenye mizani iliyohakikiwa. Hataki debe la kukisia.

Tatu, njia ya kusafirisha ijulikane. Basi gani, siku gani, nauli ya mfuko ni kiasi gani, na nani anaupokea stendi.

Nne, awepo mtu wa kujibu simu. Mteja wa simuni hana subira. Asipojibiwa, anahamia kwa muuzaji mwingine kabla jasho lako halijakauka. Kama unashinda shambani, mpe kazi hiyo kijana wako anayeaminika. Ile WhatsApp ya biashara, ambayo haitozi ada ya kuipakua, inakuruhusu pia kuweka jibu la kujituma lenyewe, mathalani: "Asante. Nipo shambani, nitakujibu saa mbili usiku."

TANGAZO LISEMEJE?

Tangazo zuri halina maneno mengi. Mteja anataka kujua vitu vitano: unauza nini, kipimo gani, bei gani, ataupataje, na afanye nini sasa. Tazama mfano huu:

"Mchele wa Kyela, tumeulima wenyewe, haukuchanganywa. Mfuko wa kilo 20 ni shilingi 52,000. Unafika stendi ya Mbeya kila Jumamosi. Bonyeza hapa utuandikie unahitaji mifuko mingapi."

Basi, imetosha. Huna haja ya kuapa wala kuandika kwa herufi kubwa.

Wauzaji wengi wana mazoea ya kuficha bei. Wanaandika, "bei njoo inboksi." Ndugu mkulima, ukiwa unalipia tangazo, mazoea hayo yatakugharimu. Ukificha bei, watakuja 100 kuuliza bei tu, nawe utakuwa umewalipia wote na kuwajibu wote. Ukiiweka wazi, asiyeiweza anapita zake, na anayekuandikia ni yule anayetaka mchele.

Juu ya picha, piga picha ya mchele wako mwenyewe, asubuhi, penye mwanga wa jua. Uweke kwenye ungo, au kwenye kiganja ili punje zionekane. Piga nyingine ya mfuko ukiwa juu ya mizani, namba zikisomeka. Usichukue picha ya mtu mwingine. Mteja akiletewa mchele usiofanana na ule wa picha, hatarudi, na atawaambia wenzake.

Sasa utajuaje ni picha ipi inayovuta wateja? Hapa kumbuka viwanja vya majaribio anavyotufundisha Bwana Shamba au Bibi Shamba. Viwanja viwili, udongo mmoja, mbegu moja, kinachotofautiana ni mbolea tu. Nawe tengeneza matangazo mawili yenye maneno yale yale, mji ule ule na fedha ile ile, ila moja lina picha ya ungo na jingine lina picha ya mizani. Ukibadilisha mambo matatu kwa mara moja, hutajua ni lipi lililokusaidia.

Ukishalianzisha, liache siku zake zitimie. Mitambo huchukua muda kujifunza ni watu wa namna gani wanaoliitikia tangazo lako. Anayelibadilisha kila baada ya saa chache anafanana na mtu anayefukua mbegu kila asubuhi aone kama imeota.

HESABU NDIYO JEMBE

Haya, sasa tufike penyewe. Chukua daftari na kalamu. Namba hizi ni za mfano tu. Wewe utaweka zako.

Tuseme kila kilo unayomwuzia mteja wa mjini, baada ya kutoa mfuko, nauli na upakiaji, inakuachia shilingi 400 zaidi ya bei ya mnunuzi wa mashineni. Mteja akinunua kilo 20, nyongeza yako ni shilingi 8,000.

Tuseme umetangaza siku 6 kwa shilingi 5,000 kwa siku. Hiyo ni shilingi 30,000. Ongeza shilingi 5,000 za bando. Jumla umetumia shilingi 35,000. Angalia pia kiasi kilichokatwa hasa, maana kodi na gharama za kubadilisha fedha huweza kuongezeka juu ya kile ulichopanga.

Watu 45 wamekuandikia. Kati yao 12 wamesema wanataka kiasi gani na wako wapi. Watu 5 wamelipa na kupokea mchele. Je, mteja mmoja mpya amekugharimu kiasi gani? Usigawanye kwa 45. Wala usigawanye kwa laiki. Gawanya kwa wale 5 waliolipa. Shilingi 35,000 kwa watu 5 ni shilingi 7,000 kila mmoja.

Kila mteja amekuletea nyongeza ya shilingi 8,000, naye amekugharimu 7,000. Umebakiwa na shilingi 1,000 kwa kila mmoja, yaani 5,000 kwa wote. Utasema, "Kazi yote hii kwa shilingi 5,000?" Ni kweli, ni kidogo. Na kama wangenunua watu 3 tu badala ya 5, nyongeza yako ingekuwa 24,000 dhidi ya matumizi ya 35,000. Ungepata hasara ya shilingi 11,000, ingawa simu ililia wiki nzima na ukajiona biashara inakwenda.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanasikia simu inalia, wanaongeza fedha. Kumbe kila mteja anayekuja anawapunguzia.

Lakini ngoja, hesabu haijaisha. Wale watu 5 wanakula wali kila wiki. Mwezi ujao, tuseme 3 kati yao wanarudi, kila mmoja na mfuko wake wa kilo 20. Safari hii hukulipia tangazo. Nyongeza ya shilingi 24,000 imekuja karibu yote kwako. Mwezi wa tatu wakirudi tena, 24,000 nyingine. Basi umeona faida inatoka wapi. Haitoki kwenye tangazo. Inatoka kwa mteja aliyerudi. Tangazo limekuletea mche. Kuumwagilia ni kazi yako.

Kwa hiyo andika katika daftari safu tano: tarehe ya tangazo, fedha iliyotoka, watu walioandika, watu walionunua, na watu waliorudi. Kila mteja mpya muulize, "Umetupata wapi, ndugu yangu?" Huenda akasema jirani alimwambia. Huyo usimhesabu kwenye tangazo, la sivyo utalisifu tangazo kwa kazi iliyofanywa na mchele wako.

Baada ya jaribio, amua hivi. Kama mteja mmoja anakugharimu kidogo kuliko anachokuletea kwenye ununuzi wa kwanza, ongeza fedha polepole, huku ukihesabu. Kama anakugharimu zaidi kidogo, lakini wengi wanarudi, endelea kwa uangalifu na ukumbuke kwamba fedha yako itarudi baadaye. Kama anakugharimu zaidi na harudi, simama. Usiulaumu mtandao kwanza. Tazama bei, tazama mchele wenyewe, tazama jinsi unavyojibu. Waulize wale 7 waliotaka mchele wakaacha: kilichowazuia ni nini? Pengine ni nauli. Pengine uliwajibu siku ya pili. Majibu yao yana thamani kuliko tangazo jingine.

KUMTUNZA MTEJA

Hifadhi namba ya kila aliyenunua, katika simu na katika daftari pia. Ukurasa wa mtandaoni unaweza kufungwa, simu inaweza kuibiwa, lakini daftari liko sandukuni. Baada ya siku tatu mwandikie: "Mama, mchele ulikuwaje?" Ukikoboa upya, mjulishe. Weka picha kwenye statasi yako ya WhatsApp. Hapo hulipi tangazo. Akimleta jirani yake, mwongezee kilo moja. Kilo hiyo ni nafuu kuliko shilingi 7,000 za kumtafuta mgeni.

Na kama mzigo umechelewa au mfuko umepungua, sema kweli mapema na ulipe upungufu. Mteja mmoja aliyedanganywa anaweza kuandika malalamiko chini ya tangazo lako, na kila utakayemlipia alione tangazo ataona na malalamiko hayo.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Jihadhari na mtu anayekuahidi wafuasi 10,000 kwa fedha kidogo. Wafuasi wa kununua hawali wali.

Usimpe mtu yeyote neno lako la siri, wala zile namba za uthibitisho zinazoingia simuni, hata akisema anatoka kwenye kampuni. Ukimpa kijana kazi ya kutangaza, mwekee kiasi cha mwisho cha matumizi kwenye akaunti, na kila wiki muone pamoja fedha iliyokatwa. Kulipia kwenyewe huhitaji kadi. Baadhi ya huduma za fedha za simu hutoa kadi ya mtandaoni. Weka humo kiasi cha jaribio tu.

Jua pia kwamba si kila kitu kinaruhusiwa. Kampuni ina masharti juu ya kuuza wanyama hai, kwa hiyo tangazo la vifaranga au mbuzi linaweza kukataliwa. Na yapo mazao, kama korosho, yenye utaratibu wake wa kuuzwa kisheria kupitia ushirika na minada. Hayo fuata utaratibu wake. Juu ya vibali vya kufungasha na kuuza chakula, mwone Afisa Biashara au Afisa Ugani kabla ya kuanza.

Mwisho, usiache soko lako la zamani kwa siku moja. Tenga gunia chache za kujaribia, nyingine ziuze kama kawaida. Na kama mko wakulima wanne au watano wenye mchele wa aina moja, unganeni. Gharama ya tangazo moja mkigawana, hasara ya jaribio haitamwumiza yeyote, na mzigo hautawaishia wateja wakianza kurudi. Lakini kubalianeni kwanza juu ya ubora. Mmoja akichanganya, wote mmeharibikiwa.

Ndugu mkulima, kwa kufunga mazungumzo yetu, kaeni kikundi mjibu maswali haya. Je, mteja mmoja wa zao lenu anawaletea nyongeza ya kiasi gani? Je, anaweza kununua mara ngapi kwa mwaka? Basi, mko tayari kutoa kiasi gani kumpata? Kikundi kinachoweza kujibu maswali hayo matatu kinaweza kujaribu tangazo. Kisichoweza, kianze na daftari.